Farasi Asiyeibwa

Kisiwa cha Torasaigh, mwaka 1816

12 Agosti

Daftari hili nililitoa kwenye mkoba wa Mfaransa huko Hispania, na yeye wakati ule hakuwa na haja nalo tena. Kurasa za mwanzo zilikuwa na orodha ya soksi zake, nimezichana. Kuanzia leo ni langu mimi, Eachann, sajenti mstaafu wa kikosi cha farasi, mpigilia viatu vya farasi asiye na mpinzani kuanzia hapa mpaka Lisbon, niliyeangusha Wafaransa watatu kwa mkono mmoja. Kuandika nilifundishwa na mwenzangu wa hemani. Alikufa kabla hatujafika kwenye mkato na nukta, kwa hiyo nitaziweka pale pumzi inapoisha.

Mvua. Imeanza Mei na haijaniambia itaondoka lini.

13 Agosti

Mvua.

17 Agosti

Niandike habari ya bwana wangu, maana ndiyo sababu ya daftari.

Kwetu mkuu wa ukoo haitwi bwana wala mheshimiwa. Anaitwa kwa jina la kisiwa chake, basi. Baba yake aliitwa Torasaigh, babu yake Torasaigh, na mvuvi mwenye nguo zilizotoboka alikuwa anamwita hivyohivyo usoni, kama anavyomwita nduguye. Huyu wa sasa aliondoka ana miaka kumi na sita kwenda jeshini. Amerudi mwaka jana, Septemba, ana arobaini, goti moja halikunji, na mimi nyuma yake nimebeba tandiko. Kisiwa kizima kinamwita Meja.

Nilimwuliza dada yangu Beathag kwa nini. Tunakaa naye tangu mumewe afe, na hajaniachia neno la mwisho hata siku moja.

"Kwani si meja?"

"Ni meja. Lakini ni Torasaigh."

"Torasaigh tunamjua sisi," akasema. "Huyo unamjua wewe."

Watu wa hapa hawana shukrani. Nimewaona watu wa nchi saba, hawa ni wa mwisho.

20 Agosti

Nimempigilia viatu vya chuma Salamanca, farasi wa bwana. Mrefu, mweusi, ana kovu la jambia kifuani, na haelewi lugha yoyote isipokuwa matusi ya Kihispania. Sehemu ya juu ya sikio langu la kushoto anayo yeye, alinila siku ya kwanza tuliyoonana. Hakuna kiumbe ninayempenda zaidi.

25 Agosti

Siku nne zilizopita bwana alishuka shambani. Shayiri imesimama kwenye maji, ya kijani kama Juni, na watu walikuwa wanachimba mfereji ili maji yatoke. Akaja kwa mguu, akavua koti, akasema kwa lugha yetu, lugha yake ya kitoto iliyoshika kutu, "Nipeni koleo."

Kila mtu akasimama, akavua kofia. Wanaume ishirini na wawili vichwa wazi kwenye mvua, hakuna aliyesogea, hakuna aliyempa koleo. Yeye akasubiri. Wao wakasubiri. Maji yakaendelea kuingia. Baadaye akavaa koti lake, akasema, "Endeleeni," akaondoka, na alipopita ukuta ndipo wakavaa kofia wakashika kazi.

Niall Mòr, jirani yangu, mpanda farasi mzuri kuliko wote hapa baada yangu, akaniambia, "Meja wako alikuja kukagua."

"Alikuja kuchimba, we kichwa cha kondoo."

"Mbona hakuchimba?"

Na bwana, nilipompelekea chai, ananiambia, "Sajenti, sitakwenda tena. Nikiwapo hawafanyi kazi, na shayiri itaoza."

Hajaenda tena. Jana nimesikia wanasema ana maringo, hashuki shambani.

1 Septemba

Mashua imeleta barua. Jenerali anamtaka bwana arudi kikosini Ufaransa, apandishwe cheo. Jibu lifike kwa mashua ya tarehe moja Oktoba, la sivyo nafasi yake wanampa mwingine.

Amenisomea mwenyewe, akaikunja, akaiweka chini ya kinara.

"Unasemaje, Sajenti?"

Nikasema chakula cha Ufaransa ni kizuri.

Lakini nimerudi nyumbani na habari mbaya. Akiondoka yeye, kisiwa kinabaki na msimamizi wake wa mjini, na huyo msimamizi kila akija anapima mashamba ya watu kwa hatua zake na kuuliza kondoo wangapi wangeenea humo watu wakihamishwa. Nimemwambia Beathag. Aliacha kukoroga uji, na Beathag haachi kukoroga uji hata nyumba ikiungua.

4 Septemba

Mvua. Salamanca ana kikohozi. Nimempa wiski, nami nikanywa ili asijione yuko peke yake.

9 Septemba

Nimepita kwa mama Raonaid. Huyu ndiye aliyemnyonyesha bwana na kumlea mpaka ana miaka tisa, maana kwetu mtoto wa mkuu wa ukoo halelewi kwake, analelewa kwa watu. Sasa ana miaka sabini na nne, meno matatu, na ulimi unaofanya kazi ya yale yasiyokuwapo.

Bwana aliporudi alimtumia shali ya hariri kutoka Hispania, nyekundu, ina nyuzi za dhahabu. Mimi ndiye niliyeipeleka, nikiwa na vitufe vyangu vya shaba vinang'aa. Leo nimeiona shali. Iko katikati ya shamba lake, sanamu ya kutishia ndege imejifunga mabegani.

"Mama," nikasema, "hiyo ingenunua ng'ombe."

"Ng'ombe ninaye. Kunguru ndio walionizidi."

"Kijana wako atasikitika."

"Kijana wangu akirudi safari anaingia kwanza humu, anakula mkononi mwangu, ndipo anakwenda kwao kwenye mnara. Ndivyo alivyokuwa anafanya. Huyo aliyenitumia kitambaa kwa sajenti simjui."

Nikamsimulia jinsi nilivyoangusha Wafaransa saba. Hakusikiliza.

15 Septemba

Mvua asubuhi. Mchana jua, robo saa. Watu walitoka nje kulitazama kama mgeni.

22 Septemba

Jumapili ya karoti. Wanawake wote wako mchangani wanachimba karoti mwitu kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, wanazifunga kwa uzi mwekundu, watawagawia wanaume wanaowapenda na wachache wasiowapenda, ili wasijisikie vibaya. Beathag kanipa tano. Mke wa Niall kanipa mbili, kwa huruma.

Bwana alikuwa anatazama dirishani. Hakuna aliyempelekea hata moja.

Jioni akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Sikukuu ni Jumapili ijayo. Watu watakimbiza farasi ufukweni kama zamani?"

"Kama zamani, Bwana Meja."

"Na usiku wa kuamkia, bado wanaibiana?"

"Wanaibiana sana."

Hiyo ndiyo desturi yetu, na mtu asiyeielewa atatuona wahuni. Kuamkia Mikaeli unaweza kuchukua farasi wa yeyote umpande kwenye mbio, mradi umrudishe mzima. Si wizi wala dhambi, na mwenye farasi akikasirika anachekwa mwaka mzima. Mwaka jana padri aliibiwa mara tatu usiku mmoja na watu tofauti. Farasi ambaye haguswi ni wa mtoza ushuru peke yake, kwa sababu si mtu wetu.

"Mwaka jana Salamanca hakuibwa," bwana akasema.

"Hakuibwa, na hataibwa," nikasema kwa kifua. "Nililala naye zizini, bastola mbili mapajani. Na Jumapili iliyotangulia nilisimama mlangoni pa kanisa nikatangaza, mkono utakaomgusa farasi wa Meja nitaurudisha kwa mwenyewe ndani ya kapu."

Bwana akafunga dirisha.

"Sikujua," akasema. Akaenda kulala saa moja, hajala.

23 Septemba

Sikulala vizuri. Nimemweleza Beathag, nikitarajia anisifu.

Aliweka mwiko chini. "Ni wewe?"

"Ni mimi nini?"

"Eachann, siku ile ulivyosema pale kanisani, tulidhani umetumwa. Tulidhani yeye ndiye aliyesema. Mtu amekuwa nje miaka ishirini na minne, wiki ya kwanza anatutangazia risasi kwenye sikukuu yetu. Ulitaka tumwite nini, kaka?"

"Nilikuwa namheshimu."

"Umemweka pamoja na mtoza ushuru."

Nimeandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nimelaani kisiwa kizima tangu Agosti kwa kosa langu. Nikaikumbuka pia ile shali. Bwana siku ile aliniambia, "Mama Raonaid yuko wapi, twende," na mimi ndiye niliyesema haifai, meja haendi nyumba ya nyasi kabla ya kupokewa kwenye mnara, mimi nitapeleka. Nilisema hivyo. Nilikuwa na vitufe vipya.

24 Septemba

Nimezunguka nyumba kumi na moja nikiwaomba watu wamwibe Salamanca.

Hawaniamini. Niall Mòr alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna ndevu.

"Kwa hiyo hakuna bastola."

"Hakuna."

"Mlango wazi."

"Wazi kabisa."

"Kaka, nina watoto watano. Siwezi kufa kwa mzaha."

"Naapa kwa sikio langu."

"Hilo lenyewe ni nusu."

Kwa wengine hadithi ni hiyohiyo. Mmoja akasema naona Eachann ametumwa kutega mtego. Mwingine akasema hata ikiwa kweli, yule farasi si anakula watu. Miaka yote nimewasimulia jinsi Salamanca alivyotafuna Wafaransa ubavuni mwangu. Waliamini kila neno, na sasa nimeukalia uongo wangu mwenyewe.

26 Septemba

Mvua. Bwana ameniagiza nitoe lile sanduku la safari darini, nilipanguse.

Nimelipangusa polepole sana.

27 Septemba

Nimekwenda kwa mama Raonaid. Sikuvaa vitufe.

Nikamwambia yote. Kwamba alitaka kuja, nikamzuia mimi. Kwamba bastola zilikuwa zangu. Kisha nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, kwa sababu si hadithi ya kusimulia mezani. Huko Hispania, baada ya jambia la Mfaransa kumpata bwana gotini, homa ilimshika siku tisa. Nilikaa naye ndani ya banda la mbuzi. Alikuwa haniiti mimi wala mama yake mzazi. Alikuwa anaita Raonaid, anataka uji wake, ule wenye chumvi nyingi. Nilimpikia mimi. Alionja, akanitazama, akasema, "Wewe si yeye," akageukia ukutani. Meja wa kikosi cha farasi, na upanga wake umening'inia pale juu.

Mama Raonaid alikuwa anasokota manyoya ya kondoo. Hakuacha kusokota.

"Ulitia chumvi kiasi gani?" akauliza.

"Kijiko."

"Vijiko viwili, mjinga wewe." Uzi ukakatika, akaufunga. "Huyo farasi anauma?"

Nikamwonyesha sikio.

"Anakula nini?"

"Chochote. Zaidi karoti."

"Nenda nyumbani, Eachann. Una harufu ya zizi."

28 Septemba

Wanawake wanaoka mkate wa Mikaeli. Unatakiwa utokane na nafaka mpya ya kila aina shambani, na mwaka huu nafaka mpya ni konzi mbili zilizokaushwa juu ya moto. Mkate wa Beathag una ukubwa wa kiganja. Kaupaka mayai kwa heshima zote kama vile una ukubwa wa gurudumu.

Nimemlisha Salamanca, nikamwambia kwa Kihispania awe mpole. Mlango nimeuacha wazi. Nakwenda kulala kwangu, mara ya kwanza katika miaka minne silali karibu na farasi huyu usiku wa kuamkia vita. Bastola nimezitumbukiza kwenye pipa la maji mbele ya Niall, aone.

29 Septemba, sikukuu ya Mikaeli

Nitaandika yote hata mshumaa ukiisha.

Kulipopambazuka nilikwenda zizini mbio. Salamanca hayupo. Hatamu zimebaki kwenye msumari, tandiko limebaki. Sakafuni kuna majani ya karoti, kama hatua za mtu, kutoka kihori mpaka mlangoni mpaka nje kwenye matope, na pembeni yake alama za miguu mitupu, midogo, ya kizee, kidole gumba kimepinda.

Nilipoinua kichwa bwana alikuwa mlangoni, amevaa shati la kulalia na buti.

"Sajenti. Farasi yuko wapi?"

"Ameibwa, Bwana Meja."

"Ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

"Umelala," akasema. Akaingia, akaweka mkono ndani ya kihori kitupu, kama mtu anayepima joto la maji. Kisha akanigeuzia mgongo na mabega yakaanza kutikisika. Nimemwona mtu huyu amekaa juu ya farasi chini ya mizinga saa sita bila kupepesa. Nikatazama paa. Paa linavuja.

"Sasa mimi nitapanda nini?" akauliza baadaye, bado yuko ukutani.

"Desturi inasema, aliyeibiwa..."

"Naijua desturi, Eachann. Nilizaliwa hapa."

Aliniita Eachann. Nikarudi nyumbani nikiwa nimevimba kama mkate, nimchukue Luideag, farasi wangu jike, kamwili kadogo, tumbo kama pipa, ili niwahi misa. Kibanda kitupu. Beathag amesimama mlangoni anakula karoti.

"Nani?" nikauliza.

"Amevaa shati la kulalia," akasema. "Kanisalimia vizuri sana."

Basi mimi, sajenti wa farasi, nikaenda sikukuu kwa miguu, maili tatu, na nusu ya njia nikiwa nimebeba tandiko la bwana kwa mazoea, mpaka nikakumbuka kwamba siku ya Mikaeli hakuna anayepanda kwa tandiko. Nikaliacha juu ya ukuta. Liko pale bado.

Baada ya misa tunazunguka makaburi juu ya farasi, upande linakozungukia jua, padri mbele. Mwaka huu padri alikuwa juu ya farasi wa Niall, na Niall juu ya farasi wa padri. Halafu watu wakaanza kugeuka mmoja mmoja. Salamanca alikuwa anakuja njiani, taratibu, shingo chini kama kondoo, na juu yake, miguu mitupu imening'inia, amekaa mama Raonaid. Kiunoni fungu la karoti. Mabegani shali nyekundu ya hariri, imefuliwa, ingawa alama za kunguru bado zinaonekana kidogo upande wa kulia.

Bwana alikuwa juu ya Luideag, miguu yake inakaribia kuburuta chini. Akasogea mpaka ubavuni kwake. Ilibidi amtazame kwa kuinua kichwa.

"Mama, huyo ni farasi wangu."

"Farasi gani? Huyu nimemwokota."

"Nimechelewa kuja kula kwako."

"Umechelewa."

"Mwaka mmoja."

"Miaka ishirini na minne," akasema. Akapenyeza mkono kifuani, akatoa kipande cha mkate wa Mikaeli, kidogo kama jicho la ng'ombe. Akainama kutoka kule juu na kumtia mdomoni kama unavyomlisha mtoto, mbele ya kaburi la baba yake na watu wote. "Tafuna. Usizungumze mdomo umejaa."

Wakazunguka makaburi bega kwa goti. Nilifuata nyuma kwa miguu. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo hakuna aliyejua mwingine uso wake umelowa na nini.

Mbio zilikuwa alasiri, maji yamekupwa na mchanga uko wazi. Hakuna tandiko, hakuna hatamu, kamba ya nyasi tu, na fimbo ni shina refu la mwani. Bwana alikataa kumrudisha Salamanca. Alikimbia na Luideag. Nusu ya kwanza alikuwa wa tatu, naandika hivi ili watoto wa Luideag wajue. Kisha Luideag akaona dimbwi, na Luideag hapendi dimbwi. Akasimama. Bwana hakusimama.

Alianguka kifudifudi kwenye mwani, tukasikia.

Nikaona mikono inakwenda kwenye kofia, mmoja, wawili, kumi, kama siku ile shambani. Ndipo Niall Mòr, aliyekwishashinda, akamgeuza farasi wa padri, akaja mpaka pale, akamtazama kutoka juu.

"Torasaigh," akasema, "Wafaransa walikukosaje miaka yote hiyo, wakati hata mtumba wa Eachann umekuweza?"

Mikono ikabaki kwenye kofia.

Bwana akainua kichwa, masharubu yamejaa mchanga. Akamjibu kwa tusi moja ambalo sijalisikia tangu tuna miaka minane, linahusu bibi ya mtu na pipa la samaki, na ambalo hata padri alijifanya anatazama bahari. Kicheko kilianza kwa wanawake. Kikaenda mpaka mwisho wa ufukwe kikarudi. Watu wanne walimwinua, wakimtukana, wakimpangusa, wakimwita Torasaigh huku, Torasaigh kule, Torasaigh una mwani sikioni. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevunjika. Mama Raonaid akakifunga kwa ile shali.

30 Septemba

Mvua. Bwana amelala kwa mama Raonaid, kwenye moshi, amekunywa uji. Nimemrudisha Salamanca mwenyewe. Amejaribu kuniuma, ila kwa adabu.

1 Oktoba

Mashua ilikuwa inasubiri. Nilimkuta bwana shambani, mkono kwenye shali, anaelekeza mfereji kwa mguu, na Niall anamwambia anaelekeza vibaya.

"Eachann," akasema, "siwezi kushika kalamu. Mwandikie jenerali."

"Niandike nini?"

"Utajua."

Nilikaa juu ya lile sanduku la safari, ndilo meza nzuri. Nilikuwa na mengi ya kumwambia jenerali, pamoja na habari ya Wafaransa kumi na mmoja niliowaangusha. Lakini mashua ilikuwa inapiga pembe. Nimeandika hivi, na nakala naiweka hapa:

Mheshimiwa Jenerali. Meja uliyemwandikia hayupo hapa. Yupo Torasaigh, amevunjika mkono, na hajamaliza mfereji. Wako, Eachann. Niliyemwangusha alikuwa Mfaransa mmoja tu, na alikuwa amekwishajisalimisha.

2 Oktoba

Jua, kutwa nzima. Tunakata kilichobaki.